Tunataka kuhamia mji mdogo tukistaafu. Je, kweli gharama zitapungua?

*"Nina miaka 57, mume wangu 61. Ndani ya miaka miwili tutakuwa tumestaafu wote. Miaka yote ya kazi tumepanga jijini, na kodi ya nyumba inakula zaidi ya theluthi ya kipato chetu. Pensheni zetu zikiunganishwa zitafika kama nusu ya mishahara ya sasa, na tutapata kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja. Rafiki ametuonyesha mji mdogo ulio saa tano kwa basi kutoka hapa, ambako nyumba zinauzwa theluthi ya bei ya jijini. Tunafikiria kutumia karibu kiinua mgongo chote kununua nyumba huko na kuhama mara moja. Mume wangu ana presha na kisukari, anachoma insulini. Watoto wetu watatu watabaki jijini. Je, mji mdogo ndiyo njia ya kupunguza gharama? Na tutajuaje kama mji huo unatufaa?"*

Asante, dada, kwa kuuliza mapema na kwa kutaja mambo ambayo wengi huyaficha: ugonjwa, kiasi cha pensheni na waliko watoto. Hayo matatu yana uzito kuliko bei ya nyumba, na ndiyo yatakayotuongoza hapa.

Nianze na jibu lenyewe. Kuhamia mji mdogo kunaweza kuwasaidia, lakini akiba mtakayoipata itakuwa ndogo kuliko mnavyotarajia, na itapatikana tu kama mji huo una huduma za afya anazozihitaji mumeo. Kununua nyumba kwa karibu kiinua mgongo chote, katika mji ambao hamjawahi kuishi, ndilo jambo ambalo nawaomba msilifanye. Hameni kama mtaamua kuhama, lakini kwanza pangeni nyumba kwa kodi kabla ya kununua.

Watu wengi wakisikia nyumba ni theluthi ya bei hudhani na maisha yatakuwa theluthi ya bei. Haiwi hivyo. Mji mdogo hupunguza bei za vitu vinavyotegemea ardhi na mishahara ya pale pale: kodi ya nyumba, fundi, msaidizi wa kazi za nyumbani, saluni, mboga zinazolimwa jirani. Vitu vinavyotoka mbali havijali ukubwa wa mji. Dawa, mafuta ya gari, simu, vipuri, friji, bidhaa za kiwandani: bei yake ni ileile au hupanda kidogo, kwa sababu kuna gharama ya kuvisafirisha na wauzaji ni wachache, hawashindani. Kadiri umri unavyosogea, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi inavyoelekea kwenye dawa, vipimo na safari za matibabu. Kwa maneno mengine, mji mdogo unashusha bei za vitu ambavyo mzee anazidi kuvihitaji kidogo, na unaacha palepale bei za vitu ambavyo atazidi kuvihitaji sana.

Tuifanyie hesabu. Chukulia matumizi yenu ya mwezi jijini ni 100. Kodi ya nyumba 35, chakula 25, umeme, maji na mawasiliano 12, usafiri 8, afya 10, mengineyo 10. Sasa mmehama. Kodi inashuka hadi 18, chakula 22. Umeme, maji na mawasiliano vinabaki 12. Usafiri unapanda hadi 12 kwa sababu mabasi ya mjini ni machache na mnachukua teksi mara nyingi zaidi. Afya inapanda hadi 12 kwa sababu ya safari za kumwona daktari bingwa. Mengineyo 10. Halafu kuna fungu jipya ambalo halikuwepo: nauli ya kwenda na kurudi kwa watoto na wajukuu, pamoja na misiba, harusi na mahafali, tuseme 6. Jumla ni 92. Mlitarajia kuokoa 17 za kodi, mmeokoa 8. Hizi ni namba za mfano. Wekeni zenu, kwa kuandika kila mnachotumia kwa miezi mitatu mfululizo. Kama hesabu yenu ya kweli inaonyesha akiba iliyo chini ya sehemu 10 kwa 100, mji huo haujawapa sababu ya kutosha ya kuhama kwa ajili ya pesa peke yake.

Swali la pili ambalo nataka mlifuatilie kwa makini ni hili: kwa nini nyumba ni rahisi pale? Bei ya chini ina sababu, na zipo za aina mbili zinazofanana kwa nje. Kuna mji ambao ni nafuu kwa sababu umetulia: ardhi ipo ya kutosha, watu hawaongezeki kwa kasi, lakini shughuli zinaendelea. Na kuna mji ambao ni nafuu kwa sababu unanyauka. Mgodi umefungwa, kiwanda kimehama, au barabara kuu mpya imepita mbali nao. Vijana wanaondoka, nyumba zinabaki bila wanunuzi, bei inashuka. Kwa mstaafu hatari haiko kwenye bei ya leo, iko kwenye kinachofuata. Watu wakipungua, basi la mchana linafutwa, tawi la benki linafungwa, daktari bingwa aliyekuwa akija kila wiki anaanza kuja mara moja kwa mwezi, kisha haji. Ninyi mtakuwa mmezeeka wakati huduma nazo zinapungua, na nyumba yenu hainunuliki.

Dalili mtaziona kwa macho mkizunguka siku mbili kwa miguu. Hesabuni maduka ya dawa yaliyo wazi. Angalieni kama kuna nyumba zinazojengwa na mabati mapya, au ni vibao vya "inauzwa" tu vilivyopauka kwa jua. Ulizeni shule ya msingi ya karibu kama madarasa yanaongezeka au yanaunganishwa. Nendeni stendi muulize mabasi mangapi yanatoka kwa siku, na kama miaka mitano iliyopita yalikuwa zaidi ya hapo. Miji yenye chuo kikuu, hospitali kubwa au ofisi za utawala wa mkoa huwa imara kuliko miji inayotegemea mwajiri mmoja, kwa sababu mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wa serikali huendelea kulipwa hata biashara ikiyumba. Mji wa namna hiyo, hata nyumba zikiwa ghali kidogo, kwa kawaida ni salama zaidi kwa miaka 30 ijayo. Na ni miaka 30 kweli: utastaafu ukiwa na 59, na mwanamke wa umri huo anapaswa kupanga kufika 90.

Sasa afya. Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa kwenu ndipo uamuzi ulipo.

Mtu mwenye kisukari na presha yuko katika hatari kubwa kuliko wengine ya mambo matatu: kiharusi, mshtuko wa moyo na figo kushindwa kazi. Yote matatu yanategemea umbali kwa namna tofauti. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha donge, na inapaswa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, mapema iwezekanavyo. Lakini kabla ya kuitoa lazima mgonjwa apigwe picha ya CT ya kichwa, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya ubongo, kwa sababu kiharusi kingine hutokana na mshipa kupasuka, na huyo akipewa dawa ya kuyeyusha damu anaweza kufa. Kwa hiyo mji usio na mashine ya CT inayofanya kazi usiku na mchana hauwezi kumpa dawa hiyo. Jiji lililo saa tano kwa basi haliwezi kumwokoa, hata gari likikimbia. Kwa mshtuko wa moyo, matibabu bora ni kuzibua mshipa kwa mpira maalum ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Pasipowezekana, kuna dawa ya kuyeyusha donge, ambayo hospitali ya wastani yenye daktari aliyefundishwa, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) na dawa yenyewe stoo inaweza kuitoa.

Figo ni hesabu ya aina nyingine. Kisukari na presha ndivyo visababishi vikuu vya figo kushindwa kazi, na mgonjwa akifikia kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida huenda mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Hizo ni safari 156 kwa mwaka. Mashine ikiwa mtaa wa pili, maisha yanaendelea. Ikiwa saa mbili kwa gari, siku tatu za kila wiki zimekwisha barabarani na kitandani, na nauli peke yake inaweza kumeza akiba yote mliyoifuata. Simaanishi kwamba mumeo atafika huko. Sukari na presha zikidhibitiwa, wengi hawafiki. Ila mji unaochaguliwa leo lazima ujibu swali hilo.

Kwa hiyo mkienda kwenye hospitali ya mji huo, msiulize kama "ina huduma nzuri". Ulizeni hivi: CT ipo, na nani anaisoma picha saa nane usiku? Kuna daktari wa usingizi na wa upasuaji kila siku, au wanakuja kwa zamu? Oksijeni inatoka wapi? Mashine za kusafisha damu ni ngapi na kuna foleni? Gari la wagonjwa ni la nani, linalipiwaje, na hospitali ya rufaa wanayopeleka wagonjwa iko umbali gani? Kliniki ya kisukari iko siku gani, na uchunguzi wa retina (sehemu ya nyuma ya jicho) wa kila mwaka unafanyikia wapi? Muuguzi wa zamu atawajibu kwa ukweli zaidi kuliko bango lililo getini.

Halafu ingieni maduka matatu ya dawa mkiwa na insulini ya mumeo mkononi. Ulizeni kama wana aina hiyo hiyo, nguvu ileile, itaisha muda lini, na huwa inakosekana mara ngapi. Ulizeni pia kuhusu umeme. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na haipaswi kuganda. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hukaa nje ya friji kama wiki nne kama joto la chumba halizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, mara nyingi 25 au 30. Friji isiyofunguliwa hubaki na ubaridi wake kama saa nne umeme ukikatika. Mji ambao umeme hukatika siku nzima mara kwa mara unamaanisha kununua betri au sola, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kuhusu bima ya afya, usiridhike na orodha iliyo mtandaoni. Pigeni simu hospitali yenyewe, idara ya malipo, muulize kama wanapokea kadi yenu kwa wagonjwa wa nje, kulazwa na dawa za kila mwezi. Mara nyingi jina la hospitali limo kwenye orodha lakini mkataba unahusu kulazwa tu, au umesimamishwa kwa sababu madai hayakulipwa.

Kuna jambo ambalo wastaafu wa miaka 60 huwa hawalioni kwa sababu bado wana nguvu: siku ya kuacha kuendesha gari. Macho, mikono au sukari itawalazimisha. Siku hiyo mji wote unapungua na kuwa eneo ambalo miguu yenu inaweza kufika. Barabara na taa nyingi za kuvukia hupangwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde. Wazee wengi hutembea mita 0.8 au 0.9. Barabara yenye upana wa mita 12 inavukwa kwa sekunde 10 kwa mwendo wa kwanza, na kwa sekunde 15 kwa mwendo wa mita 0.8. Sekunde tano hizo mzee yuko katikati ya magari. Kwa hiyo tafuteni nyumba ambayo duka la chakula, duka la dawa na kituo cha basi vyote viko ndani ya mita 400 hivi, bila kilima kikali na bila kuvuka barabara kuu. Nyumba iliyo nje ya mji, yenye uwanja mkubwa na hewa safi, huvutia sana ukiwa na 59. Ukiwa na 78 na fundi wa bomba hataki kuja mbali, inachosha.

Na nyumba yenyewe ipimeni kwa tepu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya watu 28 na 35 katika kila 100 wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, na sehemu kubwa ya kuanguka huko hutokea nyumbani. Chumba cha kulala na bafu viwe ghorofa ya chini. Mlango wa bafu uwe na uwazi wa angalau sentimita 80 mlango ukiwa umefunguliwa, ili kiti cha magurudumu kipite, na ndani kiwepo kipenyo cha mita 1.5 cha kukigeuza. Angalieni ngazi za mlango wa mbele. Mteremko salama wa kiti cha magurudumu huhitaji urefu mara 12 ya kimo, kwa hiyo ngazi tatu za sentimita 17 kila moja, jumla sentimita 51, zinadai mteremko wa zaidi ya mita 6. Kama mbele ya mlango kuna mita 3 tu kabla ya barabara, nyumba hiyo haitaweza kurekebishwa kwa urahisi.

Hali ya hewa nayo hupuuzwa, kwa sababu watu hutembelea mji wakati mzuri. Chiang Mai huko Thailand ni mji uliopendwa na wastaafu kwa unafuu wake, lakini kati ya Februari na Aprili moshi wa kuchoma mashamba na misitu hujaza bonde, na mwenye pumu hujuta. Cuenca huko Ekwado nao una sifa kama hiyo, lakini uko mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari, ambako oksijeni ya kuvuta ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu lazima amuulize daktari kabla ya kuhamia mahali pa juu namna hiyo. Joto kali nalo lina njia yake: mwili wa mzee hutoa jasho kidogo na husikia kiu kwa kuchelewa, na baadhi ya dawa za presha huongeza kukojoa, hivyo maji hupungua mwilini bila yeye kujua. Kwa hiyo utembeleeni mji huo katika mwezi wake mbaya kuliko yote, wa mvua, joto, baridi au vumbi.

Turudi kwenye kiinua mgongo. Nawaelewa: baada ya miaka mingi ya kulipa kodi, kuwa na kwenu kunaleta utulivu ambao hesabu haiuoni, na siudharau. Ila nyumba ni pesa iliyofungiwa. Katika mji mdogo wanunuzi ni wachache, na kuuza kunaweza kuchukua mwaka au zaidi. Kila mkinunua na kuuza mnalipa dalali, wakili, ada za uhamisho na kodi za serikali. Mkigundua baada ya mwaka kwamba mji haufai, hasara hiyo inatoka kwenye fedha ambazo hamtazipata tena.

Kipimo rahisi ni hiki: gawanyeni bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mmoja ya nyumba kama hiyo mtaa huohuo. Jibu likiwa chini ya 15, kununua kuna mantiki mkishaujua mji. Likizidi 20, kupanga ni nafuu na pesa ibaki ikifanya kazi. Katikati hapo, uamuzi utegemee afya na moyo wenu.

Mfumuko wa bei ndio unaofanya pesa ya akiba iwe muhimu. Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko kwa mwaka, utapata idadi ya miaka ambayo bei zitakuwa zimeongezeka maradufu. Kwa asilimia 6, ni miaka 12. Kama pensheni yenu haipandishwi, mumeo akifika 75 itanunua nusu ya inachonunua siku ya kustaafu. Ulizeni mfuko wenu kama pensheni hurekebishwa, na kwa kanuni ipi. Pengo linalobaki hujazwa na akiba. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia historia ya masoko ya nchi hiyo na kuonyesha kwamba mtu aliyechukua asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kulingana na mfumuko, akiba yake ilidumu angalau miaka 30. Ni hesabu ya hisa na hati fungani za Marekani, si sheria ya dunia, na mimi ningewashauri mkae karibu na 3. Lakini inawaonyesha kitu: kiinua mgongo kikiwa 100, kinaweza kuwapa 3 au 4 kila mwaka. Mkitumia 90 kununua nyumba, zinabaki 10, ambazo zitawapa 0.3 au 0.4. Kuanzia hapo, paa likivuja au mtu akilazwa, hakuna pa kushika. Siku mkinunua, ningependa nyumba isichukue zaidi ya nusu ya kiinua mgongo, na matumizi ya angalau mwaka mmoja yabaki mahali ambapo mnaweza kuyatoa ndani ya siku chache.

Ninalazimika pia kusema jambo ambalo ni zito kulitaja. Yawezekana mmoja wenu akabaki peke yake kwa miaka mingi, na kwa umri na afya mlizonazo, huenda ni wewe. Gharama haziwi nusu mtu mmoja akiondoka. Kipimo kinachojulikana kwa jina la OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, katika toleo lake lililorekebishwa, humhesabu mtu mzima wa kwanza kama 1 na wa pili kama 0.5, yaani anayebaki huhitaji kama theluthi mbili ya matumizi ya wawili. Pensheni ya marehemu kwa kawaida hulipwa sehemu tu kwa mwenzi, au kwa muda maalum, au haiendelei kabisa. Ombeni mfuko wa kila mmoja uwajibu kwa maandishi: mwenzi atalipwa kiasi gani, kwa muda gani, na nyaraka zipi zinahitajika. Kisha rudieni bajeti ya mji huo ukiwa peke yako. Kama hailingani, mji huo haufai, hata kama leo unawatosha wawili.

Hapo ndipo saa tano za basi zinapopimwa upya. Mtoto aliye saa tano mbali atakuja mkiugua sana, na kwenye sikukuu. Aliye saa moja na nusu atakuja Jumamosi kuona kama dawa zimemezwa. Ukaribu huo una thamani ya fedha, kwa sababu bila yeye mtamlipa mtu. Kwa hiyo kabla ya kuuchagua mji wa rafiki yenu, tafuteni miji miwili mingine iliyo ndani ya saa moja au mbili kutoka jijini, yenye hospitali ya mkoa. Kodi itakuwa juu kidogo kuliko ule wa mbali, lakini nauli, matibabu na usumbufu vitashuka. Linganisheni pia na chaguo ambalo halimo kwenye barua yako: kubaki jijini katika nyumba ndogo zaidi, pembezoni, karibu na mmoja wa watoto. Nikiangalia mliyoniandikia tu, mji wa karibu wenye hospitali ya mkoa ndio ningeupa nafasi ya kwanza, kubaki jijini kwa nyumba ndogo nafasi ya pili, na mji wa saa tano nafasi ya tatu. Kitu kinachoweza kubadilisha mpangilio huo ni kama mji wa mbali una hospitali ya rufaa na ndugu zenu wa karibu wanaoishi pale.

Marafiki hawapatikani kwa wiki moja, na upweke wa mwaka wa kwanza huwaumiza wengi kuliko upungufu wa pesa. Mjiulize mtakuwa akina nani pale: kuna kanisa, msikiti, kwaya, kikundi cha kuweka na kukopa, shule inayohitaji mwalimu wa kujitolea? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 kuhusu miji rafiki kwa wazee, uliokusanya maoni kutoka miji 33, uliweka heshima, ushiriki katika jamii na mawasiliano pamoja na usafiri, makazi na afya, na mambo hayo yanapaswa kupewa uzito uleule.

Hatua zenyewe ziende hivi. Mwezi huu anzeni kuandika matumizi. Kabla hamjastaafu, chukueni likizo ya wiki mbili katika mwezi mbaya wa mji mnaoufikiria, mpange chumba mtaani badala ya hoteli, na muishi bila gari. Nunueni chakula sokoni, chukueni dawa, nendeni kliniki kama wagonjwa wa kawaida, piteni dukani usiku saa tatu muone taa za barabarani, fungueni bomba alfajiri muone kama maji yana nguvu. Mkiridhika, pangeni nyumba kwa miezi 12 baada ya kustaafu, na mkataba uwe na kipengele cha kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili. Mzigo mkubwa uacheni kwa mtoto mmoja. Mkipita mwaka mzima na bado mnapapenda, ndipo mtafute ya kununua, na mtaijua mitaa inayofurika, jirani mwenye kelele na bei halisi, ambayo mgeni haambiwi.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Mpelekeni mume wako kwa daktari wake na swali mahususi: kwa hali ya figo, macho na moyo wake sasa, anahitaji kuwa umbali gani kutoka hospitali ya aina gani? Jibu la daktari likipingana na mji mliouchagua, lifuateni la daktari. Kwa fedha, kaeni na mshauri anayelipwa ada na ninyi, na msikilize kwa tahadhari anayelipwa kamisheni kwa bidhaa anazouza. Mwombeni afanye bajeti ya wawili na ya mmoja. Kabla ya kulipa hata sehemu ndogo ya bei ya nyumba, wakili wenu wenyewe, asiyeletwa na muuzaji wala dalali, akague hati katika ofisi ya ardhi: jina la mmiliki, mkopo uliowekwa juu yake, kesi, mipaka, na kodi ya ardhi inayodaiwa. Mwambieni pia aandike nyumba kwa majina yenu wote wawili na awasaidie wosia siku hiyo hiyo. Na kama kuna mtu anawaharakisha kwa kusema nyumba itachukuliwa wiki hii, mwambieni basi huyo mwingine aichukue, kwa sababu katika mji ambao nyumba zinauzwa theluthi ya bei, nyingine itakuwepo mwakani.